Mkanda Alioutafuta Sindano

Jumamosi, tarehe kumi na sita Juni. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika kabla ya alfajiri, na asubuhi hiyo anga lilikuwa jeupe na safi, isipokuwa vipande vya wingu vilivyosalia upande wa vilima. Upepo ulikuwa mdogo. Chiriku alitoka uani na ufagio mkononi, akalowesha kidole kwa mate, akakiinua juu kama Mwalimu alivyowafundisha. Kidole hakikuhisi baridi upande wowote.

"Mama! Leo inaruka! Upepo haupo kabisa!"

"Uwanja ufagiliwe kwanza, ndipo iruke," Mama alijibu kutoka ndani, ambako cherehani yake ilikuwa imeshaanza kunguruma.

Chiriku si jina alilopewa na wazazi. Wanafunzi wenzake wa darasa la saba ndio waliomwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alifagia upesi, akachota maji, akamwekea Mama chai pembeni mwa cherehani. Hapo mezani palikuwa na kitambaa chekundu kilichokunjwa vizuri. Kilikuwa parachuti ya roketi ya shule. Mama, ambaye kazi yake ni ushonaji, aliishona kwa vitambaa vya miavuli mibovu, akaipiga mshono mara mbili kila ukingo.

Mama alisimamisha cherehani, akaweka kiganja juu ya kile kitambaa na kufumba macho. "Ee Mungu, walichokitengeneza watoto hawa kwa mikono yao, kiruke na kishuke salama, na asiumie mtu. Amina."

"Amina," Chiriku alisema, huku mguu mmoja uko nje tayari.

Njiani alimkuta Sindano akimsubiri penye kona, kama siku zote. Sindano alikuwa mwembamba, mrefu, na mwenye maneno machache. Walipokuwa wawili, Chiriku alisema na Sindano alisikiliza, na wote wawili waliridhika na mpango huo.

"Umelala?" Chiriku aliuliza.

"Kidogo. Kila nikifumba macho naona nyaya."

Chiriku alicheka. Lakini alijua kwa nini rafiki yake hakulala. Sindano alikuwa msomaji mzito. Darasani akiitwa kusoma kwa sauti, maneno yalimkwama kooni na wengine wakaanza kukohoa kwa makusudi. Katika Chama cha Roketi mambo yalikuwa tofauti. Mjomba wake, fundi wa simu, alikuwa amemfundisha kulehemu, yaani kuunganisha nyaya kwa madini yaliyoyeyushwa, na kumwazima pasi ya zamani ya kulehemu. Siku Mwalimu alipoona kazi yake ya kwanza, aliigeuza huku na huku kwenye mwanga, akasema, "Kumbe tuna fundi humu ndani." Tangu siku hiyo Sindano alikuwa akiingia katika chumba cha chama akiwa amenyoosha mgongo.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya nyuma ya maabara, chenye meza moja ndefu na kabati lisilofungika vizuri. Ndani yake, kwa muhula mzima, walikuwa wameijenga roketi waliyoiita Mshale. Mwili wake ulikuwa bomba la karatasi nene, mapezi yake ya mbao nyembamba, na pua yake imechongwa na kusuguliwa kwa msasa mpaka ikateleza kama yai. Lakini moyo wake ulikuwa altimita.

Altimita ni kifaa kidogo cha kielektroniki, hakizidi kibiriti kwa ukubwa. Kinahisi mgandamizo wa hewa. Roketi inavyopanda, mgandamizo unapungua, na altimita hutambua imefika juu kiasi gani. Roketi ikifika kileleni na kuanza kugeuka, altimita huiamuru mota ndogo ifungue kifuniko ili parachuti itoke. Kama altimita haikufanya kazi, roketi inarudi ardhini kama jiwe.

Walikuwa wameifunga altimita kwa skrubu juu ya ubao mwembamba wa plaiwudi, na chini ya kila skrubu wakaweka kipira kidogo ili mtikisiko usiisumbue. Upande wa pili wa ubao palikuwa na kiboksi cha betri. Betri ilisimama wima ndani yake, ikisukumwa na springi kutoka chini. Sindano alilehemu nyaya zote. Kazi ya Chiriku ilikuwa betri: kuweka mpya, na kuibana kwenye ubao kwa mkanda wa plastiki, ile mikanda ambayo ukiivuta inakaza na hairudi nyuma, mpaka uikate.

"Springi peke yake haitoshi," Mwalimu aliwaambia siku ya kwanza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyofika mwisho wa uwanja bila kupaza. "Gari likiondoka ghafla, mwili wako unabaki nyuma, au sivyo? Na betri ni hivyo hivyo. Roketi ikiruka, betri itataka kubaki. Itaikandamiza springi, juu itaachia, na umeme utakatika. Ndiyo maana tunaibana."

Kisha akawapa sheria ambayo kila mwanachama aliijua kwa moyo. Ubao ukishakaguliwa na kuingizwa ndani ya roketi, hauchomolewi tena. Ukichomolewa kwa sababu yoyote, Mwalimu aambiwe, ukaguzi uanze upya.

Ijumaa Chiriku aliibana betri barabara. Mwalimu alikagua, akatikisa, akaridhika.

Jumamosi hiyo walibeba Mshale hadi uwanda wa nyuma ya mashimo ya kokoto, mbali na nyumba. Kibali cha kurusha kilikuwa cha asubuhi hiyo tu. Wanafunzi wa madarasa ya chini walikuja kutazama. Mwalimu na Sindano walikwenda kusimamisha fimbo ya kurushia, na Bonge, kijana mwenye kifua kama gunia, akawafuata akibeba nyundo. Chiriku akaachwa kulinda roketi, akizungukwa na watoto wadogo wa darasa la pili.

"Dada, hii ndiyo inayoruka?"

"Hii hii. Na mimi ndiye ninayeipa nguvu."

"Nguvu iko wapi? Sisi hatuioni."

"Iko ndani."

"Muongo!" alisema msichana mmoja asiye na meno ya mbele, na wenzake wakacheka.

Chiriku hakupenda kuchekwa. Alitazama upande wa Mwalimu, akaona amegeuza mgongo. Akafungua skrubu, akachomoa ubao, akawaonyesha altimita. Watoto wakashangilia. Akawasha swichi wakaisikia ikilia, pii, pii, pii. Wakashangilia zaidi.

"Na betri? Tushike betri!"

Naye, kwa raha ya kutazamwa, akachukua mkasi mdogo katika sanduku la vifaa, akaukata mkanda, akaitoa betri na kuwapa waishike mmoja mmoja, kama kifaranga.

Ilipofika wakati wa kuirudisha, alitafuta mkanda mwingine sandukuni. Akainua bisibisi, akainua gundi, akapangua kila kitu. Haukuwapo. Pakiti ya mikanda ilikuwa imebaki shuleni, kabatini. Mawingu ya vilimani yalikuwa yameanza kusogea. Kwenda shuleni na kurudi kungekula asubuhi yote, na kabla ya kwenda angelazimika kumwambia Mwalimu kwamba amechomoa ubao ili watoto wa darasa la pili wamsifu.

Chiriku aliirudisha betri kwenye kiboksi, altimita ikaanza kulia tena. Akaushika ubao, akautikisa karibu na sikio. Altimita iliendelea kulia. Akautikisa tena, kwa nguvu zaidi kidogo. Pii, pii, pii.

"Springi imeishika," alijiambia. "Imeishika vizuri tu."

Akautia ubao ndani, akakaza skrubu, na kile kipande cha mkanda akakitia mfukoni.

Kabla ya kurusha, Chama cha Roketi kilikuwa na utaratibu wake. Wote walisimama mstari mmoja, Mwalimu akataja kila sehemu, na mwenye sehemu hiyo akaitikia kwa sauti. Mwalimu hakugusa roketi tena baada ya hapo. Aliwaambia kwamba anayaamini masikio yake kwa sababu anawaamini wao.

"Mapezi?"

"Yako imara!" Bonge alinguruma.

"Parachuti?"

"Imekunjwa, haijabanwa!" mwingine aliitikia.

"Nyaya?"

"Zimeshika," alisema Sindano. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

"Betri?"

Chiriku aliwaona watoto wadogo wakimtazama, akamwona Sindano akitabasamu, akayaona mawingu. Bado kulikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo wake, ambao haukuwahi kukosa maneno, ulifunguka ukatoa neno moja.

"Imefungwa!"

Aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mwalimu aliwarudisha watoto nyuma, mbali, hadi nyuma ya kifusi cha kokoto. Wengine walinung'unika kwamba hawataona vizuri. Wakahesabu pamoja kurudi nyuma. Mshale ulitoa moshi, ukafoka, ukaondoka kama uliofyatuliwa, ukapanda wima, mweupe, mzuri kupita walivyowahi kuuota. Bonge aliruka akitupa kofia. Sindano alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, mdomo wazi.

Kule juu roketi ilipunguza mwendo. Ikainama. Wote wakasubiri kitambaa chekundu.

"Parachuti," alisema Mwalimu polepole. Kisha akapaza sauti, "Kaeni hapo hapo! Asitoke mtu!"

Mshale ulikuja na pua chini. Sauti yake ilikuwa kama ya mlango uliofungwa kwa hasira. Ulianguka pale pale ambapo watoto walikuwa wamepanga mstari kabla ya kurudishwa nyuma.

Hakuna aliyeumia. Lakini walipofika, bomba lilikuwa limejikunja kama karatasi, mapezi yametawanyika, na parachuti ya Mama ingali imekunjwa ndani, safi kabisa. Betri waliiokota majanini. Waya mmoja ulikuwa umeng'oka pale ulipolehemiwa.

Mwalimu aliunganisha altimita na kompyuta yake ndogo. Kumbukumbu ilionyesha roketi ikiondoka, halafu hakuna kitu.

"Umeme ulikatika mara tu ilipoanza kupanda," alisema. "Ama betri iliachia, ama waya uliachia." Akamgeukia Chiriku. "Betri ilikuwa imebanwa?"

Hii ilikuwa nafasi ya pili, na ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

"Ndiyo, Mwalimu. Si ulikagua mwenyewe jana?"

"Kweli, nilikagua." Mwalimu aliushika ule waya kati ya vidole. Hakusema neno baya. Alisema tu, "Basi itakuwa huku."

Sindano alitazama waya, kisha akatazama mikono yake mwenyewe, kana kwamba imemsaliti.

Nyumbani, Chiriku alimrudishia Mama parachuti, kisha akakitupa kipande cha mkanda kwenye pipa la taka, akakifunika kwa maganda. Mama alikuwa ameshasikia habari. Chiriku aliporudi ndani alimkuta ameiweka parachuti mapajani, akifumua mshono kwa ncha ya wembe.

"Unafanya nini, Mama?"

"Natafuta nilipokosea. Labda niliifanya nene mno, ikakwama kutoka."

"Si wewe, Mama. Ni... ni nyaya."

"Nyaya za yule rafiki yako? Masikini mtoto wa watu." Mama aliendelea kufumua. "Hata hivyo nataka niwe na hakika."

Mama alikuwa akisoma masomo ya watu wazima ya jioni, kwa kuwa utotoni hakupata nafasi. Daftari lake lilikuwa wazi mezani, na Chiriku, akitafuta la kusema, akaona swali moja lisilo na jibu.

"Hapa hujajaza. Nikusaidie?"

"Acha. Silijui hilo. Nikijaza cha kubahatisha, mwalimu wangu atadhani najua, atanipita. Nikiacha wazi, ataona pa kuanzia." Akaweka wembe chini. "Haya, chakula kinapoa. Leo utuombee wewe."

Chiriku alifumba macho. "Mungu, tunakushukuru..." alianza. Alitafuta neno la pili, hakuliona. Mama alisubiri, akadhani mtoto ana huzuni ya roketi, akamalizia mwenyewe kwa upole. Upole huo ulimchoma Chiriku kuliko kofi.

Jumatatu wakakutana stoo. Mabaki ya Mshale yalikuwa mezani. Bonge hakujizuia.

"Fundi wetu alilehemu kwa mate!"

Wengine wakacheka. Mwalimu akawanyamazisha, lakini alikuwa na uamuzi, na ulionekana kumuumiza.

"Sindano, nataka upumzike kulehemu kwa sasa. Sikufukuzi. Utasaidia kupaka rangi. Mtu akikosea kwenye kitu kinachoweza kuangukia vichwa vya watu, lazima tusimame kidogo. Chiriku, wewe mkono wako ni makini, utajifunza kulehemu."

"Mimi, Mwalimu?"

"Wewe."

Sindano hakujitetea. Alisema, "Pasi sinayo tena hata hivyo. Mjomba ameichukua. Amesema atanirudishia nikikua." Akakaa kwenye benchi la nyuma, mgongo umepinda kama anavyokaa darasani akisubiri kuitwa kusoma.

Kesho yake asubuhi Sindano hakumsubiri kwenye kona. Wala siku iliyofuata.

Jumatano baada ya masomo, Chiriku alipita nyuma ya mashimo ya kokoto. Hakujua kwa nini miguu yake imempeleka huko. Akamwona Sindano amepiga magoti majanini, akipangua nyasi kwa vidole. Nyuma yake kulikuwa na mistari ya vijiwe iliyoonyesha sehemu alizokwisha kuzipitia.

"Unatafuta nini?"

"Mkanda," alisema bila kuinua kichwa.

"Mkanda gani?"

"Wa betri. Nimefikiri sana." Maneno yalimtoka mengi kuliko kawaida yake. "Ulifunga wewe, na wewe ukifunga huwa unavuta mpaka plastiki inalia. Sasa betri ilitokaje? Lazima mkanda ulikatika. Nikikipata kipande, nitampelekea Mwalimu. Tutajua mikanda ya pakiti ile ni mibovu. Basi haitakuwa kosa langu, wala haitakuwa kosa lako."

"Umeanza kutafuta lini?"

"Jumapili. Na juzi, na jana."

Chiriku alipiga magoti kando yake. Na ndipo alipofanya jambo ambalo baadaye lilimwumiza kuliko yote: alianza kutafuta naye. Alipangua nyasi, akageuza majani, akatafuta kitu ambacho alijua kiko chini ya maganda nyumbani kwao.

"Hapo nimeshapita," Sindano alisema. "Lakini rudia. Macho yako ni makali kuliko yangu."

Mikono ya Chiriku ikasimama.

"Sindano, acha. Haupo."

"Utajuaje? Bado upande ule."

"Haupo. Niliukata mimi. Kabla haijaruka. Niliwaonyesha watoto betri, na mikanda mingine ilikuwa shuleni, na niliogopa. Betri haikuwa imefungwa."

Sindano alibaki na nyasi kati ya vidole. Kwa mbali lori la kokoto lilipita, likanguruma, likapotea.

"Lakini uliitikia," alisema. "Nilikusikia."

"Niliitikia."

"Na Mwalimu alikuuliza tena."

"Ndiyo."

Aliziachia nyasi zikaanguka. Aliposema tena, hakuwa na hasira katika sauti, na Chiriku angependa iwepo.

"Nimeanza kuamini kwamba mikono yangu ni mibovu. Jana mama alinipa kikombe cha chai, nikakipokea kwa mikono miwili. Niliogopa nitakiangusha." Akasimama, akajipangusa magoti. Chiriku naye akataka kusimama. "Usinifuate," alisema. "Uniambie mimi peke yangu hapa porini, halafu iwe nini? Wenzetu wa chama ndio walionicheka."

Akaondoka, akavipita vijiwe vyake bila kuvitazama.

Chiriku aliingia nyumbani akilia, na Mama akasimamisha cherehani. Alieleza yote, tangu mkasi hadi majani, bila kuruka kitu. Mama hakumpiga wala hakumkatiza. Alitazama parachuti iliyofumuliwa yote, vipande vyekundu vikiwa vimepangwa mezani kimoja kimoja.

"Siku zote hizi nimekaa hapa nikijishtaki," alisema mwishowe.

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe. Lakini mimi si wa kwanza kwenye foleni." Akachukua mtandio. "Piga magoti kwanza tuombe upate nguvu, maana kesho utaihitaji. Nami nitakuja nawe. Nitasimama pale, lakini sitakusemea hata neno moja."

Siku iliyofuata walikuwa wote stoo. Mwalimu, baada ya kusikia maneno machache ya Chiriku mlangoni, alikuwa amemtuma mtu amwite mjomba wa Sindano, naye akaja na aproni yake ya kazini. Chiriku alisimama mbele ya meza. Alisema yote. Alitaja mkasi. Alitaja watoto. Alitaja jinsi alivyoitikia, na jinsi alivyoulizwa mara ya pili akamsukumia mwenzake mzigo. Alitaja hata jinsi alivyopiga magoti uwandani kutafuta mkanda ambao alijua haupo.

Hakuna aliyecheka. Bonge alitazama viatu vyake.

Mwalimu alikwenda kabatini, akatoa altimita iliyookolewa na kiboksi kingine cha betri. Akaviunganisha. Pii, pii, pii. Akavitikisa kama Chiriku alivyofanya, na mlio ukaendelea. Kisha akavishika wima na kuurusha mkono juu kwa nguvu zake zote. Mlio ukakatika. Akaibana betri kwa mkanda, akarudia kwa nguvu ile ile, mara tatu, mara nne. Pii, pii, pii, bila kukosa hata mara moja.

"Waya ulikatika ulipogonga ardhi," alisema. "Ulishika mpaka mwisho. Sindano, nilikuhukumu kabla ya kufanya jaribio hili, jambo ambalo ningemkataza mwanafunzi yeyote kulifanya. Naomba radhi. Kulehemu ni kazi yako."

Mjomba alikohoa. Akatoa pasi ya kulehemu kwenye aproni, waya wake umezungushwa vizuri, akaiweka mbele ya mpwa wake. "Nami nilikimbilia kukulaumu. Usinirudishie tena. Ni yako."

Sindano aliishika pasi. Aliishika kwa mkono mmoja.

"Bro, na mimi pia," Bonge alisema. "Ile ya mate... nisamehe."

"Sawa," alisema Sindano.

Kisha Mwalimu akamgeukia Chiriku.

"Kuukata mkanda lilikuwa kosa la mtoto anayependa kusifiwa. Ungeniambia, ningekasirika, tungerudi na roketi yetu, tungeomba kibali kingine. Yangeisha. Lakini ulijibu usichokifanya, na sisi wote tukasimama juu ya jibu lako. Watoto wale wangeweza kuwa pale. Mungu alituepusha, si sisi. Roketi tutajenga nyingine. Lakini mwenzako alikaa siku hizi zote akiamini kwamba kitu pekee anachokiweza, hakiwezi. Hicho sina gundi yake." Alipumua. "Kazi ngumu na vifaa vizuri havifai kitu kama mtu anayevishika hasemi kweli. Mkikosea, semeni mapema, wakati bado mambo yanarekebishika. Betri hutaigusa mpaka muhula ujao. Na leo hii utakwenda darasa la pili, uwaombe radhi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sindano, una neno?"

Sindano alifikiri. "Nimesikia. Kusamehe nitajaribu. Lakini kwa sasa sitaki tukae benchi moja."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. Alijua kwamba amepewa zaidi ya alichostahili, na bado kilikuwa kichungu. Alimtazama Mama mlangoni, na Mama, kama alivyoahidi, hakumsemea neno. Basi akageuka, akawakabili wote waliokuwa stoo.

"Naahidi," alisema, polepole ili kila mtu asikie, "mbele za Mungu, na mbele ya Mwalimu, na Mama, na mjomba, na ninyi nyote, na hasa wewe Sindano. Nikiulizwa jambo ambalo sikulifanya, nitasema sikulifanya, hata kama watu wote wananisubiri mimi. Na mtu akilaumiwa kwa kosa langu, sitakaa nalo hata hadi jioni. Mkiona nimekwenda kinyume, nikumbusheni siku ya leo."